Kuasili mtoto ukiwa Dodoma: anza na ofisi, mtoto atafuata

Wenzi wakija kuniuliza njia ya kuasili, wengi huanza na maneno yaleyale: "Dada, kuna mtoto tumemwona." Wamemwona kwenye makao ya watoto walikopeleka mchele na sabuni siku ya sikukuu. Au kuna binti mtaa wa pili ana ujauzito na ameshasema hawezi kulea. Moyo umeshatua, jina la mtoto limeshapatikana, kilichobaki wanataka waambiwe karatasi zinatengenezwa wapi.

Huko ni kuanzia mwisho. Utaratibu wetu, kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, unaanza na mzazi. Wewe ndiye unayechunguzwa kwanza, unakubaliwa au unakataliwa, kisha ndipo unatafutiwa mtoto anayeendana na nyumba yako. Anayeanza na mtoto huwa anaishia sehemu mbili. Ama anaambiwa mtoto yule ana ndugu na hatolewi, naye analia kama aliyefiwa, ama anapita njia ya uani: anaandikisha kizazi kwa jina lake hospitalini kama vile amezaa yeye. Hiyo ya pili ni kosa la jinai, na mtoto ndiye atakayelipa siku ndugu wa mama yake wakijitokeza mlangoni.

Mimi na mume wangu tuliasili tukiwa tunaishi Nzuguni, na tangu hapo nimewasindikiza wenzangu kadhaa. Ninayoandika hapa ni kwa Watanzania wanaoishi Dodoma na wilaya zake. Kwa mgeni mambo ni mengine kidogo: anatakiwa awe ameishi nchini miaka 3 mfululizo, na ustawi wa jamii wa nchi yake umthibitishe.

Kabla ya yote, jua unaomba kitu gani

Kuna malezi ya kambo na kuna kuasili, na watu huvichanganya hata wakiwa mbele ya afisa. Mtoto wa malezi ya kambo anakaa kwako, anakula kwako, unamsomesha, lakini bado yuko chini ya uangalizi wa serikali na anaweza kurudi kwa ndugu zake hali ikitengemaa. Ukishaasili, wazazi waliomzaa hawana tena haki wala wajibu juu yake, na vyote vinahamia kwako. Hakuna kumrudisha kwa sababu amekuwa mtukutu darasa la sita.

Kuna na wale ambao hawahitaji safari hii yote. Dada yako amefariki Kongwa, ameacha wawili, unaishi nao Ilazo tangu msiba uishe. Hao ni wanao kwa desturi, na kuwalea hukuhitaji ruhusa ya jaji. Ukitaka uwaasili kisheria, pengine kwa ajili ya mirathi au kwa sababu unahama nao, sheria imewalegezea ndugu wa karibu: maombi yanaweza kusikilizwa hata Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Waliobaki wote ni Mahakama Kuu.

Nani anaruhusiwa

Umri ni angalau miaka 25, na uwe umemzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Mkiwa wenzi, inatosha mmoja wenu atimize hilo. Ndugu wa mtoto anaweza kuomba akiwa na umri mdogo kuliko huo.

Wenzi wa ndoa huomba pamoja. Mwanamke asiye na mume anaruhusiwa, na wapo waliofanikiwa, kwa hiyo usikubali mtu akukatishe tamaa dirishani. Mwanamume asiye na mke ana mlima zaidi: sheria inataka mtoto awe mwanawe mwenyewe, au kuwe na mazingira ya pekee yatakayoiridhisha mahakama.

Utajiri hauulizwi. Kinachoulizwa ni kama kipato chako kinaeleweka. Muuza nafaka Majengo mwenye daftari la mauzo na leseni anaeleweka kuliko mtu anayesema "nina biashara zangu" halafu hana hata risiti. Nyumba ya kupanga pia haikuzuii.

Hatua ya kwanza: ofisi ya halmashauri, usikimbilie Mtumba

Sisi wa Dodoma tuna kishawishi ambacho watu wa Tabora hawana. Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum iko hapahapa, Mji wa Serikali kule Mtumba, daladala moja tu. Mtu anaona amkimbilie Kamishna wa Ustawi wa Jamii moja kwa moja ili apunguze foleni. Utapokewa vizuri, utaelezwa kwa upole, kisha utarudishwa kwenye halmashauri yako. Faili linatoka chini kwenda juu.

Kwa hiyo nenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa unapoishi. Anayekaa mjini aende Halmashauri ya Jiji. Wa Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa, Chemba na Kondoa waende kwenye halmashauri zao. Ukiwa kata ya mbali, anza na afisa wa kata akupe mwelekeo.

Siku hiyo ya kwanza nendeni wote wawili. Nimeona akina mama wakienda peke yao, wakisema "mume wangu yupo bize", na afisa anaandika hilo. Ni haki yake kuliandika. Mume asiyepata saa mbili za kuulizia mtoto atapata wapi za kumpeleka kliniki?

Uliza maswali yako yote hapohapo: fomu, viambatisho, wanaosubiri ni wengi kiasi gani. Huduma ya afisa hailipiwi. Na sheria inakataza malipo au zawadi ya aina yoyote ili mtoto aasiliwe, kwa hiyo akitokea mtu anayejiita wakala na "ada ya kupata mtoto", mtaje palepale ofisini.

Hatua ya pili: barua na viambatisho

Barua ya maombi inaandikwa kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii kupitia kwa afisa wako. Iwe fupi. Jitambulisheni, semeni mnaishi wapi, mmeoana lini, mna watoto au hamna, mnaomba mtoto wa umri gani na kwa nini. Msimwandikie insha ya machozi.

Kwa kawaida utatakiwa kuwa na kitambulisho cha NIDA, vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa au kijiji, uthibitisho wa kipato, taarifa ya daktari, picha, na majina ya watu wanaowafahamu vizuri. Huenda ukaombwa na cheti cha tabia njema cha polisi. Mliofunga ndoa ya kimila na hamna cheti, shughulikieni hilo mapema, maana ndilo linalowakwamisha watu wengi wa vijijini.

Toa nakala tatu za kila kitu, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Maafisa huhamishwa. Aliyekujua anaweza kupelekwa mkoa mwingine faili likiwa katikati, na mrithi wake atakukuta kwenye kabati tu.

Hatua ya tatu: afisa anakuja nyumbani

Hii ndiyo hatua inayowanyima watu usingizi, na ndiyo yenye maana kuliko zote. Inaitwa uchunguzi wa kijamii. Afisa anakuja, mara nyingine kwa taarifa na mara nyingine bila, anakaa, anauliza. Maisha yenu ya ndoa yakoje. Mnagombana kuhusu nini. Mmepoteza mimba au mtoto? Nani analala wapi. Mtoto akikosea mnamfanya nini. Mkifa kesho, nani atamchukua?

Wetu alikataa soda kwanza, akaomba kuona uani. Akagonga simtenki kwa kiganja asikie lina maji kiasi gani, akauliza maji yanatoka siku zipi kwa wiki na yakikatika tunachota wapi. Nilikuwa nimejiandaa kueleza mapenzi yangu kwa watoto, sikujiandaa kueleza mgao wa maji. Kisha akakaa jikoni na dada wa kazi robo saa, sisi tukiwa sebuleni tunasikiliza vijiko. Baadaye tukajua alikuwa anamuuliza baba wa nyumba anarudi saa ngapi, na akirudi sauti yake inakuwaje.

Atazungumza pia na mwenyekiti wa mtaa na jirani mmoja wawili. Mkiwa na watoto tayari, ataongea nao bila nyinyi. Usiwafundishe cha kusema. Mtoto aliyefundishwa anajulikana kwenye sentensi ya pili. Na jamani, msiazime makochi.

Suala moja mlimalize kabla hajafika: ukoo. Huku kwetu mtoto ni wa ukoo, na afisa anajua kwamba ndoa inaweza kukubali kitu ambacho mama mkwe hajakisikia. Atauliza, "Wazazi wa mume wanasemaje?" Jibu la "tutawaambia baadaye" limewarudisha nyuma wengi. Nendeni mkakae nao. Kwetu mama mkwe aliuliza swali moja tu, "Akifa mwanangu, mtoto huyu atamzika kama nani?" na mume wangu akajibu, "Kama mwanangu, mama." Akanyamaza siku mbili, siku ya tatu akauliza tutamwita nani.

Mambo magumu semeni wenyewe. Ndoa iliyovunjika zamani, deni kubwa, ugonjwa wa kudumu unaotibiwa, hayo yakitoka kinywani mwako ni maelezo, yakitoka kwa jirani ni siri uliyoificha.

Hatua ya nne: kibali na kusubiri

Taarifa ya afisa inapanda hadi kwa Kamishna. Mkikubaliwa, mnaingia kwenye kundi la wanaosubiri mtoto. Muda wake hautabiriki, na unategemea sana mlichoomba. Kwa ninavyoona, karibu kila mtu anataka kachanga ka kike, kazima, kasikokuwa na ndugu. Anayesema yuko tayari kwa mvulana wa miaka mitano, au ndugu wawili wasiotenganishwa, au mtoto mwenye ulemavu, huwa hasubiri kama wenzake. Sikushawishi uchukue mtoto usiyemuweza. Nasema fikirieni vizuri mlichoandika kwenye ile barua, maana wengi waliandika umri bila kuufikiria.

Hapa pia ndipo watu huuliza kwa hasira: makao yamejaa watoto, iweje tusubiri? Ukienda Makao ya Taifa ya Watoto kule Kikombo, au makao ya taasisi za dini hapa mjini, utawaona wengi kweli. Lakini wengi waliomo makao wana mzazi au ndugu aliye hai. Yupo ambaye mama yake amelazwa, yupo ambaye baba yuko gerezani, yupo ambaye bibi yake Mpwapwa hajapatikana bado. Afisa analazimika kutafuta familia kwanza. Mtoto anaweza kuasiliwa pale wazazi wake wanapotoa ridhaa, au mahakama inaporidhika kwamba walimtelekeza, walimtesa, au hawapatikani kabisa. Kiongozi wa makao hana mamlaka ya kukukabidhi mtoto, hata kama ni rafiki yako wa kwaya.

Na kama umemwokota mtoto? Mpeleke polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, au piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto, au mjulishe mtendaji. Usikae naye nyumbani wiki nzima ukisema Mungu amekujibu. Kumwokota hakukupi haki ya kumpata, ingawa unaweza kuomba kama wengine.

Hatua ya tano: mtoto anahamia kwako

Mkishaunganishwa na mtoto, mtamtembelea kwanza alipo. Nendeni mara nyingi kadiri mnavyoruhusiwa, bila zawadi kubwa. Kisha anakuja kwenu kwa malezi ya kambo. Sheria inataka awe ameishi mikononi mwenu miezi 3 mfululizo kabla ya amri ya kuasili, na afisa awe amejulishwa nia yenu kwa muda usiopungua huo. Kwa vitendo huenda ikawa miezi 6 au zaidi. Neno "mfululizo" lichukulieni kama lilivyo, msimpeleke kwa bibi Kondoa likizo nzima. Mkitaka kusafiri naye nje ya mkoa, mwambieni afisa kwanza.

Kipindi hiki afisa atakuwa anapita. Mtoto bado si wenu kisheria na anaweza kuondolewa. Msimbadilishie jina shuleni, msimtengenezee cheti kipya, msitangaze picha zake mitandaoni.

Mtoto aliyekulia makao ana mazoea ambayo hakuna aliyekwambia. Wetu alikuja akiwa na miaka minne. Asubuhi ya kwanza nilimkuta saa kumi na moja amesimama kwenye mlango wa bafu, taulo begani, kimya. Alikuwa anasubiri foleni. Hakukuwa na mtu mbele yake wala nyuma yake, lakini hajawahi kuoga bila foleni. Alikuwa hajui kwamba chakula kina jiko kinakotoka. Kule kilikuja kimepakuliwa. Hakuwahi kuona mtu mzima akilala. Vitu vidogo vya namna hii viandike kwenye daftari na umweleze afisa akija, maana ndivyo anavyotaka kusikia kuliko "anaendelea vizuri".

Wapo wanaolia usiku, wanaokojoa kitandani, wanaomkataa baba na kumng'ang'ania mama. Wapo wanaokuwa wapole kupita kiasi mwezi wa kwanza, halafu mwezi wa tatu wanavunja vyombo. Ukiona hivyo omba msaada wa afisa mapema, hupunguziwi alama.

Hatua ya sita: Mahakama Kuu

Kwa Dodoma, maombi yanafunguliwa Mahakama Kuu, Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki. Tafuta wakili aliyewahi kufanya mashauri ya kuasili, siyo kila wakili mzuri wa ardhi anayajua haya, na kubalianeni gharama kwa maandishi mapema. Asiye na uwezo aulize msaada wa kisheria, upo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2017, na ofisi ya ustawi itakuelekeza kwa watoa huduma waliosajiliwa.

Wakili ataandaa ombi na viapo, ataambatanisha kibali, taarifa ya afisa, na ridhaa ya wazazi kama wapo. Mahakama humteua mtu wa kusimamia maslahi ya mtoto katika shauri, mara nyingi afisa ustawi. Shauri linasikilizwa faragha, ofisini kwa jaji, bila watazamaji, na mtazungumza Kiswahili.

Jaji atataka kujua mambo machache kwa uzito. Je, mnaelewa kwamba amri hii ni ya kudumu? Kuna fedha imepita kati yenu na mtu yeyote? Mkiomba pamoja, je, wote mnataka au mmoja anamfuata mwenzake? Mtoto mwenye uwezo wa kusema maoni yake atasikilizwa, na akiwa na miaka 14 au zaidi ridhaa yake inahitajika. Vaeni kawaida. Mpeni mtoto kitu cha kula kabla, mashauri huchelewa.

Baada ya amri

Amri ya mahakama inakwenda kusajiliwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambako Msajili Mkuu anatunza rejista ya watoto walioasiliwa. Usiishie kuiweka amri kwenye bahasha. Bila cheti cha usajili utahangaika kwenye pasipoti, bima ya afya na NIDA yake akikua. Fuatilia hadi kikae mkononi, na uhakiki herufi za majina kabla ya kuondoka dirishani.

Mirathi inahitaji maneno mawili zaidi. Kwa Sheria ya Mtoto, uliyemwasili ni sawa na uliyemzaa, na ndugu hawawezi kumwondoa kwenye mali yako kwa kusema si damu. Lakini kwa Waislamu, nao ni wengi hasa upande wa Kondoa na Chemba, sheria ya dini inarithisha kwa damu na ndoa, na nasaba ya mtoto haibadilishwi. Familia nyingi humwachia kwa wasia usiozidi theluthi moja ya mali, au humpa hiba, yaani zawadi ya mali, angali mzazi yuko hai. Kaa na shekhe na wakili siku moja, wote wawili, mambo yawekwe kwa maandishi. Hata Mkristo asiyetaka watoto wake waje kugombana aandike wasia.

Kumwambia mtoto kwamba ameasiliwa ni jukumu la mzazi, na sheria haimruhusu mtu mwingine kufanya hivyo kwa niaba yako. Tatizo ni kwamba mtaani hakuna siri: walimwona akiingia na begi lake. Kubalianeni na mume, dada wa kazi na ndugu wa karibu kuhusu jibu moja la swali la "huyu wa nani?" Letu ni "wetu", halafu tunauliza habari za nyumbani kwao.

Faili lote, yaani kibali cha Kamishna, amri ya mahakama, cheti cha RITA na barua za afisa, nakala moja weka nyumbani, moja kwa wakili, na moja kwa yule mtu mliyemtaja siku afisa alipouliza mkifa kesho nani atamchukua mtoto. Na mjulisheni kama bado hajui kwamba mlimtaja.